Pete ya kuvuta: kuanza mzula wa kroshia bila kuacha tundu utosini

Chukua mzula wowote wa kroshia unaouzwa Mwanjelwa, mjini Mbeya, au Makambako mwezi wa Juni, ugeuze ndani nje, kisha uinue utosi wake uelekee kwenye mwanga. Ukiona tundu linaloingia kidole cha mwisho, aliyeufuma alianza kwa mnyororo uliofungwa mwisho kwa mwisho. Ukiona mafundo yamekutana katikati na mwanga haupenyi, alianza kwa pete ya kuvuta. Kwenye kitambaa cha kochi tundu hilo ni sehemu ya ua na hakuna anayelalamika. Kwenye kofia ya mtoto wa Makete anayetoka nje alfajiri ya Julai, ni dirisha lililoachwa wazi juu ya utosi.

Pete ya kuvuta ni kitanzi ambacho ukubwa wake unaamuliwa na mkia wa uzi. Unafuma mzunguko wa kwanza ndani ya kitanzi kikiwa kipana, halafu unavuta mkia, kitanzi kinakaza, mafundo yanabanana. Mbinu nzima ni hiyo. Wanaoshindwa huwa wanashindwa mahali pawili: hawajui ni uzi upi kati ya miwili unaofanya nini, au wanauonea mkia uchoyo. Kwa hiyo maelezo haya yatakuwa marefu kwenye hizo sehemu mbili na mafupi kwingine.

Vifaa na maneno

Kwa kujifunzia tafuta uzi wa unene wa kati, ule wa kufumia masweta, wenye rangi ya kung'aa au nyepesi. Uzi mweusi au wa bluu iliyoiva unaficha mafundo, na mwanafunzi asiyeona mafundo hawezi kuyahesabu. Sindano ya kroshia iwe ya milimita 4 au 5. Namba huwa imegongwa kwenye mpini au kwenye bapa la kidole gumba. Ongeza mkasi, sindano butu yenye tundu kubwa la kupitishia uzi wa sufu, na kitu cha kuwekea alama: pini ya mtoto, kibanio cha nywele, au kipande cha uzi wa rangi nyingine. Usidharau hicho cha mwisho. Kuna watu wamefumua kofia nzima kwa kukosa kipande cha uzi chenye urefu wa kidole.

Uzi wa akriliki ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi, na unafaa: haukatiki ovyo, unafulika, unakauka haraka. Lakini ni plastiki. Ukikaa karibu na jiko la mkaa kuota moto huku unafuma, cheche moja inayeyusha tundu lisilozibika. Uzi wa pamba unavutika kidogo sana, hivyo pete yake inahitaji nguvu zaidi kuifunga, ila ikishafungwa haitelezi kwa urahisi. Uzi wenye manyoya na ule laini kama mahameli uuache kwanza. Wa manyoya unajishika wenyewe na pete haifungi. Wa mahameli ukivutwa kwa nguvu unavua manyoya yake au unakatika kabisa.

Wafumaji hawana msamiati mmoja, basi tukubaliane hapa. *Mkia* ni ncha iliyo huru. *Uzi wa donge* ni ule unaotoka kwenye donge, ambao ndio unaofumia. *Fundo* ni kile ambacho wengine wanakiita stichi. *Cheni* ni kitanzi kimoja kilichovutwa ndani ya kingine. *Singo* ni fundo fupi: unaingiza sindano, unavuta uzi unapata vitanzi viwili, unachukua uzi tena na kuupitisha ndani ya vyote viwili. *Dabo* ni fundo refu: unazungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza, unavuta uzi unapata vitanzi vitatu, unapita viwili, kisha viwili vilivyobaki.

Hapo kuna mtego wa majina. Majina haya yanafuata Wamarekani, ambao ndio wanaojaza video nyingi. Kwa Waingereza, singo ya Mmarekani inaitwa dabo, na dabo ya Mmarekani inaitwa trebo. Ukikuta kijitabu cha zamani cha Kiingereza kabatini kwa bibi, angalia kwanza kinatumia majina ya nani. Kofia ikikutoka ndefu mara mbili ya picha, huenda kosa si la mkono wako.

Kuitengeneza mezani kwanza

Watu wengi hufundishwa kwenye vidole moja kwa moja, na hapo ndipo wanapokata tamaa, maana uzi unateleza kabla hawajaelewa unavyokaa. Anza mezani, au juu ya kitabu ulichoweka mapajani.

Acha mkia wa shibiri moja, yaani kama sentimita 20. Sentimita 15 ndiyo mwisho wa kupunguza. Laza uzi uwe duara la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda au kubwa kidogo, ncha zake zikipishana. Mahali zinapopishana, uzi wa donge upite juu ya mkia. Tazama vizuri: kuanzia kwenye makutano hayo, uzi wa mkia unaendelea na kuwa ukuta wa duara, na uzi wa donge umevuka juu yake ukatoka nje ya duara.

Bana makutano kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto. Ingiza sindano ndani ya duara, ipite chini ya ule ukuta ulio jirani na makutano, itokee nje. Huko nje iukute uzi wa donge, iukamate kwa mdomo wake, iuvute urudi chini ya ukuta hadi ndani ya duara. Sasa una kitanzi kwenye sindano. Uzi wa donge umepita juu ya mkia, kisha umerudi chini yake. Juu halafu chini, ndicho kinachoushika. Ukianza kwa kuupitisha chini ya mkia, ukarudi tena chini, hujazungusha chochote. Ukiachia vidole kitanzi kinafumuka.

Kitanzi hicho bado si fundo na hakihesabiwi. Kamata uzi wa donge tena, safari hii ukiwa juu ya duara, uvute ndani ya kitanzi. Hiyo ni cheni moja, na kazi yake ni kufunga komeo tu. Usiikaze sana. Sasa unaweza kuinua duara mezani bila lolote kufumuka, ilimradi hujavuta mkia.

Fanya hivi mara kumi, ukifumua kila mara. Mkono ukishakumbuka, hamia kwenye vidole.

Kwenye vidole

Kiganja cha kushoto kikutazame. Bana mkia kwa kidole gumba. Peleka uzi mbele ya kidole cha shahada na cha kati, uzungushe nyuma yake, urudi mbele ukivuka juu ya mzunguko wa kwanza ili itokee alama ya msalaba, kisha urudi nyuma tena na ushikwe na vidole viwili vya mwisho. Geuza mkono uone mgongo wa vidole: kuna nyuzi mbili zilizolala pamoja. Ule wa mzunguko wa kwanza ndio ukuta wa pete. Wa pili ndio uzi wa donge. Ingiza sindano chini ya wa kwanza, ukamate wa pili, uvute chini ya wa kwanza. Zungusha mdomo wa sindano uangalie juu, kamata uzi, piga cheni moja. Chomoa pete vidoleni taratibu.

Umbo ni lilelile la mezani. Vidole ni meza inayotembea.

Asubuhi za Juni huku Nyanda za Juu Kusini vidole huwa vigumu, na mtu mwenye vidole vya baridi hubana uzi kupita kiasi bila kujua. Pasha mikono kwanza kwa kikombe cha chai. Pete iliyobanwa tangu mwanzo ni taabu kuingiza sindano, na utaanza kuchomachoma uzi, jambo litakaloleta matatizo tutakayoyaona chini.

Anayetumia mkono wa kushoto afanye yote haya kinyume: uzi uzungushwe kwenye vidole vya kulia na sindano iwe kushoto. Akijilazimisha kufuata mkono wa kulia atachanganyikiwa bure; kazi yake itazunguka upande wa pili, na mzula haujui hilo.

Mzunguko wa kwanza

Sasa una pete, na kando yake mkia umening'inia. Ulaze mkia ufuate ukuta wa pete kuelekea unakofuma, ziwe nyuzi mbili kwa pamoja. Ingiza sindano katikati ya pete, ipite chini ya zote mbili, vuta uzi wa donge, una vitanzi viwili. Kamata uzi, pita vyote. Singo ya kwanza. Iwekee alama hapohapo, kwenye vitanzi vyake viwili vya juu. Rudia hadi uwe na singo sita.

Ukisahau kupita chini ya mkia na ukafumia ukuta peke yake, pete itafunga vilevile, ila kishikizo chake kitakuwa chembamba na mkia utabaki mrefu wa kuficha. Ukifanya kinyume, ukafumia mkia peke yake na kuukosa ukuta, fundo hilo litateleza na kuchomoka mara utakapovuta. Kwa hiyo kila baada ya fundo, tupia jicho katikati ya pete: unaona nyuzi mbili zikipita chini ya miguu ya mafundo? Endelea.

Kwa nini sita? Singo ni fundo ambalo urefu na upana wake vinakaribiana, na mafundo ya namna hiyo sita yakizunguka kituo yanajaza duara bila kubanana wala kuacha pengo. Fundo likiwa refu zaidi, kingo za duara zinakuwa mbali zaidi na kituo, na mafundo mengi zaidi yanahitajika kuzijaza. Nusu dabo, ambayo huanza kama dabo lakini vitanzi vyote vitatu hupitwa kwa mkupuo mmoja, huanza na nane. Dabo huanza na kumi na mbili. Cheni za kuinukia, yaani zile za mwanzo wa mzunguko zinazofikia urefu wa fundo, nazo hufuata urefu: singo cheni moja, nusu dabo mbili, dabo tatu. Ile moja ya singo haihesabiwi kuwa fundo. Zile tatu za dabo kwa kawaida huhesabiwa kuwa dabo ya kwanza, kwa hiyo unafuma kumi na moja juu yake kupata kumi na mbili. Mtu akikuonyesha duara lake la dabo lenye kumi na tatu, karibu kila mara amesahau kuhesabu zile cheni.

Hesabu kwa kutazama juu ya mafundo. Kila fundo limeacha umbo la V lililolala. V sita, mafundo sita. Kitanzi kilicho kwenye sindano hakihesabiwi kamwe.

Kuvuta

Vuta sindano kidogo kitanzi kiwe kirefu ili kazi isifumuke, au kichomeke pini. Shika mafundo sita kwa vidole vya kushoto karibu kabisa na kituo, na kwa mkono wa kulia vuta mkia. Usivute kwa kushtua. Vuta, legeza, sogeza mafundo kwa kucha yajipange, vuta tena. Pete itajifunga kama mdomo wa mfuko wa kamba, hadi mwanga usipenye.

Kisha chagua njia. Njia ya kwanza ni kufunga mzunguko: ingiza sindano kwenye V ya singo ya kwanza, ile yenye alama, kamata uzi na uupitishe ndani ya vyote vilivyo kwenye sindano kwa mkupuo mmoja. Hilo ni fundo la kuungia, na haliongezi hesabu. Wanaoanza huingiza kwenye ile cheni ya komeo badala ya singo ya kwanza, na matokeo yake mzunguko unaofuata unapata fundo la saba lisilojulikana limetoka wapi. Njia ya pili ni kuendelea kuzunguka bila kufunga, kama ganda la konokono: fundo la kwanza la mzunguko wa pili unalifuma moja kwa moja juu ya singo yenye alama, na alama unaipandisha. Kwa mzula wa rangi moja ya singo njia ya pili ni bora, haiachi mshono unaopanda kisogoni. Kwa kofia ya mistari ya rangi, funga kila mzunguko, vinginevyo mstari utakuwa na ngazi.

Kupanua bila kukunjamana

Duara bapa la singo linaongezeka kwa sita kila mzunguko. Mzunguko wa pili, singo mbili ndani ya kila fundo: 12. Wa tatu, singo moja, kisha mbili ndani ya fundo linalofuata, rudia: 18. Wa nne, moja, moja, kisha mbili: 24. Wa tano 30, wa sita 36, na kuendelea, kila mara nafasi kati ya maongezo (zile singo mbili ndani ya fundo moja) ikikua kwa fundo moja.

Ukifuata hivyo kwa utiifu wa kijeshi, maongezo yote yatakaa juu ya maongezo, na baada ya mizunguko minane utakuwa na pembe sita badala ya duara. Dawa yake ni kuhamisha ongezo kwenye mizunguko ya namba shufwa. Mzunguko wa nne fanya moja, ongezo, moja. Bado ni 24. Mzunguko wa sita fanya mbili, ongezo, mbili. Bado ni 36. Pembe zinapotea.

Wafumaji wa vikapu vya milulu, yaani nyasi za kusukia, huko Iringa wanaijua hesabu hii kwa mikono: kitako kinaanzia katikati, na kadiri kinavyopanuka ndivyo wanavyochomeka miti mipya kwenye nafasi zilizofunguka. Wakichelewa kuongeza, kitako kinainuka kuwa bakuli. Wakiongeza kupita kiasi, kinayumba hakikai mezani. Kroshia ni vilevile. Duara likianza kujikunja juu kama kisosi, umeruka maongezo au unakaza mno. Likianza kucheza pembeni kama pindo la gauni, umeongeza mno. Lilaze mezani kila baada ya mizunguko miwili. Kugundua kosa kwenye mafundo 24 kunagharimu dakika tano, kwenye 72 kunagharimu jioni nzima.

Kwa mzula, swali ni duara liwe na upana gani kabla ya kuacha kuongeza. Pima kichwa kwa kamba juu kidogo ya masikio, toa sentimita 2 au 3 ili kofia ibane, gawanya kwa 3.14. Kichwa cha mtoto mchanga cha sentimita 35 kinapata duara la sentimita 10 na nusu. Cha sentimita 46, ambacho ni kama mtoto wa mwaka mmoja, sentimita 14. Cha mtu mzima cha 56, sentimita 17. Ukifika hapo acha kuongeza, fuma fundo juu ya fundo, na ukuta wa kofia utaanza kushuka wenyewe. Mzula wa mtu mzima wa uzi wa unene wa kati hula gramu 80 hadi 100, hivyo ukiwa na donge la gramu 50, nunua mawili ya rangi ileile siku moja. Rangi ya donge la mwezi ujao haitalingana kabisa, hata kama muuzaji anaapa.

Pete inapogoma

*Haifungi hata ukivuta.* Sababu kubwa ni sindano kuchoma uzi. Uzi wa kufumia una nyuzi ndogondogo zilizosokotwa. Sindano ikipita katikati yake badala ya chini yake, fundo linakuwa limejichomeka ndani ya ukuta wa pete na kuuzuia usiteleze. Kuvuta kwa nguvu hapa kutakata mkia. Fumua hadi fundo lililochomwa, rudia ukihakikisha sindano imepita chini ya uzi mzima.

*Haifungi, na hukuchoma.* Huenda ulianza kwa kile kitanzi cha kawaida cha kuanzia cheni, na ukakifunga kwa namna ya kukazwa na uzi wa donge. Pete ya kuvuta ni ndugu wa kitanzi hicho, tofauti ni kwamba hii inakazwa na mkia. Jaribu kabla ya kufuma fundo lolote: vuta mkia kidogo, duara lipungue. Lisipopungua, anza upya.

*Mkia umekuwa uzi wa kufumia.* Unafuma, ghafla uzi unaisha baada ya mafundo matatu. Umekamata mkia ukidhani ni uzi wa donge. Inatokea zaidi mkia na uzi wa donge vikining'inia upande mmoja. Uzoeshe mkia kuning'inia mbele na uzi wa donge kupita nyuma juu ya kidole cha shahada.

*Imefunga lakini katikati pameinuka kama chuchu.* Mafundo ni machache au umekaza mno mzunguko wa kwanza. Tumia sindano kubwa kwa nusu milimita, au legeza pete kidogo tu.

*Upande wa ndani ndio unaoonekana nje.* Ukifuma bila kugeuza kazi, upande unaokutazama ndio uso: una V zilizopangika. Upande wa nyuma una vijiti vilivyolala. Duara la wanaoanza hupenda kujikunja kuwaelekea wao, na wanajikuta wanafuma kutokea ndani ya bakuli. Ligeuze tu kama soksi likiwa bado dogo.

*Ilifunga vizuri, baada ya wiki mbili utosi umefunguka.* Hili ndilo linaloharibia watu biashara, na linahitaji maelezo yake.

Mkia ndio kufuli

Pete inashikwa na msuguano pekee. Hakuna kifundo cha kufungia ndani yake. Kila mzula unapovutwa kichwani, utosi unatanuliwa, na uzi wa akriliki unateleza milimita moja leo, milimita moja kesho. Ukiwa umekata mkia sentimita mbili kutoka kwenye pete, milimita hizo zikiisha, tundu limerudi. Kupiga kifundo cha kawaida na kukata hakusaidii sana: kifundo kinauma utosi wa mtoto, na kwenye uzi unaoteleza hufunguka hatimaye.

Fanya hivi. Vuta mkia mara ya mwisho pete ikaze. Utunge kwenye sindano butu. Upande wa nyuma, pitisha sindano chini ya miguu ya mafundo ya mzunguko wa kwanza, ukizunguka kituo chote mara moja kamili. Ukifika ulipoanzia, ruka mguu mmoja na urudi ulikotoka, angalau nusu ya mzunguko. Kugeuza mwelekeo ndiko kunakofunga: uzi unaovutwa upande mmoja huteleza, lakini unaovutwa pande mbili zinazopingana hujikaba. Kisha panda mzunguko wa pili, ufiche mkia ndani ya mafundo machache. Ukitoshea kugeuza mara ya tatu, geuza. Sasa unaelewa kwa nini shibiri nzima ilihitajika.

Kwa kofia za watoto na vitu vinavyovutwavutwa kuna pete ya mizunguko miwili, na ni busara kuijua. Unazungusha uzi kwenye vidole mara mbili badala ya moja kabla ya kuvuta kitanzi, na kila fundo linapita chini ya nyuzi zote. Kuifunga kuna hila yake: ukivuta mkia moja kwa moja, duara moja tu kati ya mawili linakaza na jingine linabaki limelegea. Vuta mkia kidogo na utazame ni duara lipi limesogea. Shika hilo lililosogea, uvute lenyewe kufuata mwelekeo wake, na lile jingine litajifunga kabisa. Halafu vuta mkia, na hilo lililobaki litafunga. Inachukua nusu dakika zaidi na inashika maradufu.

Na kama vidole vimekataa kabisa, kuna njia ya mkato isiyo ya aibu: piga cheni mbili, kisha fuma singo zote sita ndani ya cheni ya kwanza, ile ya mbali na sindano. Tundu linalobaki ni dogo kama la sindano ya kushonea, na unaweza kulizibia kwa mkia. Inafaa kwa singo. Kwa dabo kumi na mbili, cheni moja haina nafasi ya kuzibeba na itatanuka. Ile ya cheni nne au sita zilizofungwa kuwa duara iache kwa vitambaa vya mezani na vya makochi.

Usikate ncha ya mkia bado. Fua kofia kwa maji ya uvuguvugu, ikamue kwa kuiviringisha kwenye taulo, uilaze ikauke kivulini. Kwa mvua za Tukuyu, ya pamba inaweza kukaa siku mbili. Ikikauka, itanue utosini kwa vidole vyote kumi kama mtoto mkaidi anayeivuta. Uzi utakuwa umejikalia mahali pake, na kama mkia utarudi ndani kidogo, urudi sasa. Ndipo uukate, ukiacha nusu sentimita upande wa ndani.